Dola Iliyopigwa Mswaki

Pale Altoona, Pennsylvania, kama ulitaka kutukanwa bure Jumamosi asubuhi, ulikuwa unasugua sarafu kuukuu halafu unampelekea Verlin Kuhns aitazame. Mzee huyu alichomelea vyuma kwenye karakana ya reli miaka thelathini na nane, akastaafu na mgongo mbovu na macho makali kama ya mwewe. Chama cha wakusanya sarafu kilikutana ukumbi wa kituo cha zimamoto, na hakimu alikuwa yeye. Nani alimchagua? Hakuna.

"Umeisafisha," anakwambia, hata kiti hujakikalia.

"Nimeipangusa tu na..."

"Umeisafisha! Imekaa miaka mia inajitengenezea rangi yake, wewe dakika mbili umeichuna ngozi. Toa uchafu wako hapa."

Gus Wertz, kinyozi, alifukuzwa mezani miezi mitatu kwa kosa la kusugua senti na kifutio cha penseli. Miezi mitatu, kwa senti moja!

Sasa sikia. Verlin alikuwa na dola ya fedha ya mwaka 1889 iliyotoka kiwanda cha sarafu cha Carson City, adimu mpaka watu wakiitaja wanashusha sauti. Na dola hiyo aliipiga mswaki yeye mwenyewe, kwa dawa ya meno ya mnanaa. Alikuwa na miaka kumi na tisa, babu yake ndo kamwachia, na kulikuwa na binti wa duka la mikate, Marlene, alitaka kumringia. Marlene akasema inang'aa, akaolewa naye, mambo yakaisha.

Miaka kumi baadaye ndo Verlin akajifunza kusoma sarafu. Akaiweka dola yake chini ya taa, akaona mikwaruzo myembamba kama nywele imejaa shavu zima la mwanamke aliyechorwa juu yake. Akaufyata. Tangu siku hiyo chama kiliiona kwa mbali tu, ndani ya kasha, mbali na dirisha.

"Si uipeleke kwa wakaguzi wa sarafu waipime hali yake, wakufungie kwenye plastiki na cheti chake, mzee?" Gus alimchokoza kila mwezi.

"Watanifundisha nini? Wengine hata ndevu hawajaota."

Akapeta hivyo mpaka alipotimiza miaka sabini. Mwenyekiti wa chama, Dolores Petrak, aliendesha basi la shule maisha yake yote, na neno hapana halimwingii sikioni.

"Tumechanga ada ya wakaguzi," akasema. "Ndo zawadi yako. Lete dola."

"Dolores, jamani, mgongo wangu leo..."

"Kwani inakaguliwa kwa mgongo? Lete!"

Watu wanapiga makofi, keki ina jina lake. Utakataaje? Akaitoa, anatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

Wiki saba za kusubiri majibu hakula vizuri. Hata viazi vya Marlene aliviangalia tu.

"Si uwaambie," Marlene akamwambia.

"Niwaambie nini? Nimewatukana watu miaka arobaini!"

"Basi anzia hapo hapo."

Siku ikafika. Bahasha ya wakaguzi katikati ya meza, kitambaa laini kimetandazwa, Dolores kashika mkasi. Watu wote kimya, maana hawa hawaongei wakiwa wameinamia sarafu. Tone la mate linaacha doa. Gus anatabasamu, jamaa wa watu, amefurahi kwelikweli kwa niaba ya mzee. Hilo tabasamu ndo lilimmaliza Verlin.

"Subirini." Akageuza uso pembeni, kama sheria inavyotaka. "Niliisafisha. Nilipokuwa kijana. Kwa mswaki na dawa ya meno."

Dolores akashusha mkasi.

"Mswaki?" Gus akauliza.

"Mswaki."

"Na mimi ulinifukuza kwa kifutio?"

"Nisamehe, Gus. Nilikuwa najitukana mwenyewe, ila kwa kupitia kwako."

"Miezi mitatu, we mzee!" Gus kawaka, shingo nyekundu. Halafu akashindwa kujizuia. "Dawa ya mnanaa?"

"Ya mnanaa."

Gus akaanguka kwenye kiti kwa kicheko mpaka miwani ikamtoka. Dolores akakohoa.

"Mimi niliwahi kutumia siki," akasema. "Na asiniulize mtu sarafu gani."

Akakata bahasha, akasoma cheti kwa sauti: "Halisi. Imesafishwa. Hali yake, nzuri sana."

Verlin akanyanyuka kama hana mgongo mbovu. Kwa watu hawa "nzuri sana" ni tusi, iko ngazi nzima chini ya "karibu mpya".

"Nzuri sana? Nani kasema? Nywele za juu ya sikio zote zipo! Kifua cha tai wa upande wa pili, manyoya unayahesabu! Hii ni karibu mpya!"

"Mzee, wamesema imesafishwa," Gus akamkumbusha.

"Hapo wamepatia! Lete hiyo lenzi. Dolores, fungua pazia. Lote!"