Jiko la Mama Nyuma ya Klabu

Jumapili iliyopita binti yangu alirudi kutoka Ibiza, pua imembabuka kwa jua na sauti imemkauka. Alikaa jikoni kwetu hapa Edmonton, London, akanionyesha video kwenye simu: ukumbi mpana kama kituo cha treni, skrini kutoka sakafuni hadi darini, umati wa watu wameinua simu zao juu. Akaitaja klabu yenyewe kwa jina. Nikamwomba airudie ile video, nikaitazama tena, wala sikuona hata pembe moja ninayoijua. Na humo, usishangae rafiki yangu, ndimo nilimopitisha likizo zangu za utoto.

Mama alikuwa mpishi wa shule ya msingi hapa hapa Edmonton. Shule zikifungwa kiangazi, hana kazi. Jirani yetu wa ghorofa ya juu, mwanamke aliyezaliwa kisiwani kule, ndiye aliyemwambia kwamba klabu moja ya kwao inatafuta mtu wa kuwapikia wafanyakazi. Mama, mtu wa Tanga asiyejua neno hata moja la Kihispania, alipanga iliki, bizari na makopo ya tui la nazi kwenye sanduku, akanishika mkono, tukapanda ndege. Nilikuwa na miaka minane.

Watu wanaijua ile klabu kwa usiku wake. Mimi niliijua mchana. Asubuhi sakafu ilinata hadi kandambili zangu zikawa zinabaki nyuma. Palinuka bia iliyomwagika na sigara, na juu yake harufu ya limau ya ile sabuni ya kupigia deki. Siku zile uwanja wa kuchezea muziki haukuwa na paa. Jua liliingia lote, na shomoro wakashuka kudonoa vipande vya ndimu vilivyoachwa kwenye glasi. Kazi yangu ilikuwa kuchagua mchele na kumenya vitunguu saumu, nimekalia kreti ya soda iliyopinduliwa, huku fundi wa sauti akijaribu spika zake. Mdundo mmoja, wa pili, kisha kimya, na vifuniko vya masufuria ya Mama bado vinatetemeka.

Alasiri wote walikula pamoja kwenye meza ndefu nyuma ya jiko: wafagiaji, walinzi, wahudumu wa baa, wacheza shoo ambao bado wana rangi za kumetameta kwenye nyusi, hata dijei ambaye picha yake ilibandikwa kwenye mabasi ya kisiwa kizima. Mwenye klabu alikuwa bibi mmoja mzee aliyeianzisha uani mwa shamba la baba yake, kwa gramafoni na taa chache za rangi. Alikaa popote palipokuwa na nafasi. Mama alimwita "dada", neno la Kiswahili ambalo mimi ndiye niliyemfundisha yule bibi maana yake. Ijumaa palikuwa na pilau, na yule mlinzi wa mlangoni, pande la mtu ambaye walevi wote walimwogopa, ndiye aliyetangulia kusimama jikoni na sahani yake, anaomba ukoko.

Mambo yakapanda. Foleni ikafika barabara kuu. Majirani walipolalamikia kelele paa likawekwa, na shomoro wakaondoka. Zikaja meza za watu maalumu, zimezungushiwa kamba nyekundu. Magoti ya yule bibi yakaanza kumsumbua, na wanawe, ambao walikuwa mbali, kila mmoja na shughuli zake, hawakuitaka kazi ile. Akauza.

Kiangazi cha mwisho nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Meneja mpya aliingia jikoni na futi kamba, akapima ukuta, akamweleza Mama kwa Kiingereza cha upole kwamba pale patakuwa chumba cha wageni wakubwa.

"Na hawa watakula wapi?" Mama akauliza.

"Tutawaletea sandwichi."

"Nakuuliza wapi. Watakaa wapi wakila?"

Akatabasamu, akaendelea kupima.

Mama hakubishana tena. Alitoa kila kilichobaki stoo akakipika: wali, maharage ya nazi, samaki wa kupaka. Akatuma mtu kumwita yule bibi, naye akaja na mkongojo wake. Alikula, kisha akasema neno ambalo mimi nilimtafsiria Mama: "Nilidhani nimeuza jengo tu."

Mama akamwongezea samaki. "Kula, dada. Kula kwanza, tutalia baadaye."

Wakalia kweli, wote wawili, huku dijei amekunja mikono ya shati lake la hariri, anasugua masufuria.

Mama hakuitwa tena. Klabu ilinawiri kwa muda bila jiko, kisha vijana wakahamia kwingine, milango ikafungwa, wamiliki wakabadilika na kubadilika. Sasa naona imefufuka, na imejaa kuliko zamani. Sina kinyongo nayo. Habari za kifo cha yule bibi tulizipata kwa jirani wa juu, na Mama alikaa kitandani siku nzima bila kuwasha redio. Yeye naye tumeshamzika, hapa London.

Nilimsimulia binti yangu yote haya. Kiswahili anakielewa, ila hujibu kwa Kiingereza. Akasema inaelekea ilikuwa kantini nzuri. Nikacheka. Ndiyo, ilikuwa kantini. Nikamuuliza, huko alikokwenda, wafanyakazi aliwaona? Akafikiri kidogo, akasema hakuwaangalia.

Lugha ya kisiwa kile niliwahi kuizungumza kama mtoto wa pale pale. Imenitoka karibu yote. Nimebaki na neno la chumvi, la mkate, la kumwomba mtu asogee akupishe kwenye benchi, na lile la kumuuliza kama ameshiba. Huwa nayasema nikiosha vyombo, peke yangu, kwa sauti ya chini, maana sina tena wa kumwambia.