Kreti Tatu za Mwisho Kiwandani

Siku ya kwanza kiwandani nilipewa buti za mpira, aproni na kisu, nikasimamishwa mbele ya meza ya chuma yenye sangara mzito kuliko mwanangu. Msimamizi wa zamu akaniuliza, "Umeshawahi kukata samaki?" Nikasema ndiyo, nyumbani Nansio. Akacheka. "Huko mlikuwa mnapika. Hapa tunatoa minofu."

Nawaandikia ninyi mabinti mnaotafuta kazi leo hapa Mwanza. Nina miaka thelathini na moja na nimeshastaafu. Msinipongeze, kiwanda kilifungwa.

Mnofu ni nyama ya ubavu, unaitoa kwa mkato mmoja mrefu kutoka kichwani hadi mkiani. Mifupa inayobaki tunaiita mapanki, hiyo inauzwa mtaani. Ngozi ikishachunwa, unakata ule mstari wa miiba ulio katikati ya mnofu. Hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu mwiba hauonekani, unautafuta kwa ncha ya kidole, na ndani ya glavu vidole vyenyewe vimekufa ganzi kwa barafu. Aliyenifundisha ni Mama Getruda, mzee wa kanisa kutoka Mkuyuni, mwenye ulimi kama kisu chake. "Pendo, unampapasa kama unambembeleza. Huyo ameshakufa, bonyeza!"

Nilimaliza miaka tisa mezani pale. Msimamizi wa kwanza alihamishwa, akaja mwingine aliyetukataza kuongea, halafu meneja uzalishaji aliyependa kusema sisi ni familia. Samaki wakapungua. Zamu tatu zikawa mbili, mbili zikawa moja. Asubuhi moja meneja akatusimamisha kwenye baridi. "Lori la leo ndilo la mwisho. Mkimaliza, kila mtu atapata barua yake ya utumishi. Familia yangu, tumalize vizuri."

Familia! Nina watoto wawili, mdogo bado ananyonya, na mtu ananiambia nimalize vizuri.

Nikaacha miiba. Kwa makusudi. Kreti tatu nzima nilichuna ngozi, nikapanga minofu ikapendeza, mstari wa miiba umo ndani. Mkaguzi wa ubora alikuwa na haraka, akapitisha, zikaingia chumba cha baridi. Nikajisikia raha kweli, sitawadanganya.

Mama Getruda aliokota mnofu wa kreti ya nne, akaupitishia kidole. Akaniangalia.

"Ngapi zimeingia?"

"Tatu. Na wakome!"

"Nani akome? Meneja anakula hizi?"

Nikavuta mnofu mwingine.

"Atakula mtoto wa mtu. Mama yake atamlisha kwa mkono wake, kama wewe unavyomlisha wako."

"Kwa hiyo nitabasamu, niseme ni mapenzi ya Mungu?"

"Nani kasema utabasamu? Mimi mwenyewe nina hasira tangu asubuhi. Yesu alilia kaburini kwa rafiki yake, hakuna aliyemwambia anyamaze. Lia. Mgombeze Mungu, anakujua. Lakini hasira yako usimpakulie mtu asiyekukosea."

Shida ni kwamba kreti ikishaingia kwenye baridi haitoki bila saini ya meneja. Kukiri maana yake ni kumwambia yeye, na barua yangu ilikuwa mezani kwake. Bila barua hiyo, kiwanda kingine hakikupokei hata getini.

Nilikwenda. Mama Getruda akanifuata, aproni inadondosha maji kwenye sakafu ya ofisi.

"Bosi, kreti zangu tatu zina miiba. Niliacha kusudi."

Akaweka kalamu chini. "Kwa nini unaniambia? Ungenyamaza tu."

"Zitamkwama mtu kooni. Na wewe usituite familia. Familia haifungiani geti."

Alisaini kreti zitolewe. Halafu akachukua barua yangu, akaichana. Wenzangu walikwenda nyumbani na barua zao, mimi na Mama Getruda tukabaki tunakata miiba mpaka kreti ya tatu ikaisha.

Sasa nakaanga samaki Igoma. Kanisani wananiambia Mungu amefunga mlango ili afungue mwingine. Mimi sijauona, na nimewaambia hivyo hivyo, wakakasirika. Ninachojua ni kidogo: siku ile kazi yangu ilikuwa inakufa, nikataka na mimi nife nayo kwa ubaya, Mungu akanizuia kwa mdomo wa mama mkali. Sikupata thawabu. Nilibaki mtu, basi.

Mama Getruda aliniambia nimwombee meneja. Nikakataa miezi mingi. Baadaye nikasikia na yeye kiwanda kilimwacha, anahangaika na vyeti vyake mjini. Basi siku hizi namtaja kwenye maombi, sura nimeikunja. Namwambia Mungu ampe kazi, watoto wake wapate kula. Na akishaipata kalamu tena, aniandikie barua yangu.