Senene wa Karani

Georgina wa Izigo alikuwa mwanamke mvumilivu. Miaka ishirini na miwili ya ndoa si mchezo, hasa ukiwa umeolewa na Byarugaba, mtu mwenye kibanja kizuri cha migomba na kahawa, mwenye heshima zake kanisani, na mwenye fimbo isiyojua kupumzika. Aliamini kila kitu hunyooshwa kwa fimbo: mbuzi, watoto, mbwa. Hata baiskeli ilipomgomea njiani kwenda Muleba, aliitandika.

Mbwa wao aliitwa Karani kwa sababu alishinda amekaa mbele ya nyumba akitazama wenzake wakifanya kazi. Lakini ngedere walimjua, na ndizi za nyumba ile hazikuliwa ovyo. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: akiitwa, haji. Byarugaba alimwita, Karani akamtazama, akafikiri kidogo, akapotelea migombani. Njaa ikimrudisha, Byarugaba alimkamata shingoni na kumchapa.

"Unampiga kwa kuja," Georgina alimwambia kutoka mlango wa jikoni.

"Nampiga kwa kuchelewa."

"Yeye atajuaje, waitu? Anachojua ni kwamba amekuja, akapigwa."

"Mbwa ana akili, Mama Datius."

"Ndiyo maana haji."

Maneno hayo aliyasema mara ngapi, mwenyewe hakumbuki. Ilikuwa kama kumwaga maji mchangani.

Kisha, mwezi wa Novemba mwaka 1953, mpiga mbiu alipita na tangazo. Kichaa cha mbwa kilikuwa kimeingia vijiji vya jirani. Kila mwenye mbwa ampeleke gombololani, kwenye baraza la chifu mdogo, baada ya wiki tatu achomwe sindano, naye awe amefungwa kamba. Mbwa atakayeonekana hajafungwa siku ile atapigwa risasi, hakuna cha kuuliza. Georgina alimtazama Karani, ambaye hakuwahi kuvaa kamba bila kuvunjiwa mbavu kwanza, akaona kabisa kwamba huyu atakufa, na atakufa kwa ukaidi wa mtu mwingine.

Marehemu baba yake Georgina alikuwa mwindaji. Mbwa wake walivaa kengele za mti, na walimjia mbio hata wakiwa wamenusa swala. Siri yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba wanaume wenzake waliicheka: mbwa akija, anapewa kipande cha nyama papo hapo, kabla hajavuta pumzi ya pili. Akichelewa, anapewa. Akija na matope, anapewa. Hapigwi aliyekuja.

Nyama Georgina hakuwa nayo. Alikuwa na senene.

Sasa, kwa Wahaya wa siku zile, senene walikuwa chakula cha mwanamume. Mke aliwakamata alfajiri kwenye majani yenye umande, akawanyonyoa mbawa na miguu, akawakaanga, akampelekea mumewe, mwenyewe hakuonja. Georgina alikuwa amefanya hivyo kila msimu tangu aolewe, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama ananusa ile harufu. Basi alichukua konzi moja, akaifunga kwenye jani la mgomba, akaanza kazi.

Siku za kwanza alimwita Karani akiwa hatua mbili kutoka mlangoni. "Ija," njoo, mara moja tu, kwa sauti ya kawaida. Karani akija, senene mmoja mdomoni. Kisha hatua kumi. Kisha kutoka migombani, kuku wakipita mbele yake. Kamba aliiweka kwanza chini karibu na chakula, halafu mgongoni, halafu shingoni kwa muda mfupi na kuitoa. Kamba yenyewe ilikuwa mkanda wa ngozi wa baba yake. Wiki ya pili haijaisha, mbwa alikuwa anaingiza kichwa humo mwenyewe.

Byarugaba aligundua aliposhika kibuyu cha senene na kukiona chepesi.

"Senene wangu unampa mbwa?" aliuliza polepole, kama mtu anayeuliza habari za msiba.

"Ndiyo."

"Nani alikufundisha mambo haya?"

Hapo Georgina alichoka kabisa, na akasema lile ambalo hakupanga kulisema. "Wewe. Zamani ulikuwa unarudi kutoka kwenye pombe jogoo wakiwika. Nilikuwa nakusubiri mlangoni na maneno, ukazidi kuchelewa. Nilipoanza kukusubiri na sahani, ukaanza kurudi kabla jua halijazama."

Byarugaba alikirudisha kibuyu mahali pake, akaenda kulala bila kula.

Mtu angedhani amejifunza. Siku ya sindano alisema mwanamume hawezi kupita mbele za watu na mbwa aliyefungwa mkanda wa mkewe, akasokota kamba ya maganda makavu ya mgomba. Georgina alimwambia itakatika. Akamwambia mara ya pili. Kisha akafunga senene kwenye jani, akamfuata nyuma amekunja uso njia nzima.

Uwanja wa gombolola ulijaa mbwa na kelele. Karani aliogopa, akavuta. Byarugaba akamchapa. Karani akaruka, kamba ikakatika, na mbwa akasimama peke yake kando ya migomba, kipande cha kamba kikining'inia shingoni. Askari alikuwa anaweka risasi bundukini.

"Niachieni nimwite mimi," Georgina alisema.

"Kwenye orodha ni mbwa wa mwanamume huyu," askari alijibu. "Amwite mwenyewe, upesi."

Georgina angeweza kuwapiga wote wawili kwa fimbo ileile. Badala yake alimtia mumewe jani mkononi. "Weka fimbo chini. Chuchumaa. Usimkazie macho. Sema mara moja, basi."

Byarugaba aliitazama bunduki, kisha akaitupa fimbo. Alichuchumaa mbele ya uwanja mzima akiwa na kanzu yake ya Jumapili, akafungua jani. Watu walicheka; mwanamume na senene, anamlisha mbwa. "Ija," alisema, mara moja.

Karani alifikiri. Akaja, tumbo likigusa majani, akala senene mkononi mwake. Byarugaba alimshika shingo, na mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe kama ulivyozoea. Mbwa hakukimbia. Alifumba macho, akangoja.

Mkono ukabaki juu. Kisha ukashuka taratibu juu ya kichwa cha mbwa, na Georgina, aliyekuwa amesimama karibu, akamsikia mumewe akisema kwa sauti ya chini, "Nisamehe, mzee wangu. Nimekuonea sana."

Karani alichomwa sindano, akapona risasi. Watu walimpongeza Georgina kwa mbwa wake mtiifu. Yeye aliokota lile jani, akaona wamebaki senene watatu. Aliwatia mdomoni wote kwa mpigo, akawatafuna mbele ya uwanja mzima, akimtazama mumewe. Miaka ishirini na miwili, na neno lile, nisamehe, lilikuwa limekwenda kwa mbwa.