Rangi ya Plagi Kwenye Kilima cha Buswelu

Naomba mnisamehe mapema kwa mwandiko wangu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na mkono uliozoea spana hushika kalamu polepole. Ukurasa huu nimeuandika mara tatu. Nataka kusimulia gari moja ambalo bado nalifikiria nikiwa kazini.

Natengeneza injini hapa Mkolani, kwenye uwanja wenye mawe makubwa tunayoanikia vipuri vilivyooshwa. Tangu biashara ya nje ilipofunguliwa, magari yaliyotumika kutoka Japani yanaingia kila wiki, na kila mwenye gari huja na ombi lilelile: "Fundi, nibanie mafuta." Kubana mafuta ni kupunguza petroli inayochanganyika na hewa. Kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya hivyo viwili, unageuza skrubu huku unasikiliza. Injini ikilia vizuri, unaacha. Hatuweki alama ya mahali skrubu ilipokuwa. Fundi akionekana anachora alama, wenzake humcheka kwamba haliamini sikio lake.

Mwaka juzi mwalimu wa chuo cha Butimba alileta gari lenye tabo. Tabo ina umbo la konokono. Moshi unaotoka huzungusha feni yake, na feni ya upande wa pili huisukumia injini hewa nyingi kuliko ambayo ingeivuta yenyewe. Nilikuwa sijawahi kuigusa. Jumamosi ya wiki ile mwalimu, mke wake na watoto wao wawili walipanga kusafiri kwa gari hilo hadi Muleba, kwenye harusi ya mdogo wake huyo mama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, fundi. Gari hili linakunywa kuliko mjomba wangu. Libane kabla hatujasafiri."

Halikuwa na kabureta. Nikalifuata bomba la hewa, nikakuta kisanduku chenye mlango mdogo ndani. Hewa ikiingia kwa wingi, mlango unafunguka zaidi na petroli inaongezeka. Juu yake kulikuwa na mfuniko mweusi uliogandishwa kwa gundi. Ningeweza kuuacha, lakini nilitaka kujua umeficha nini. Niliikata gundi kwa wembe. Nikaona kigurudumu cha meno madogo kinachokaza springi ya ule mlango. Nilipolegeza kishikizo chake, springi ilifyatuka na kigurudumu kikazunguka kabla sijakidaka. Kilikuwa kwenye jino la ngapi? Sikujua. Nikafanya tulivyozoea: niliwasha injini, nikakaza jino mojamoja huku nasikiliza, mpaka ikalia laini kabisa. Nikamkabidhi mwalimu gari lake.

Alhamisi alirudi na mke wake, akiwa na furaha. Mafuta yamepungua, alisema, ila wakipanda kilima cha Buswelu wanasikia mlio kama punje za mahindi kwenye kopo. "Nadhani kuna kijiwe kimenasa mahali."

Niliomba twende wote. Katikati ya mwinuko, mwalimu akiwa amekanyaga mafuta mpaka chini, niliusikia. Nikamwambia akanyage klachi na kuzima injini palepale, ili plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli, zibaki na rangi ya moto wa wakati ule. Nilifungua plagi ya kwanza. Ilikuwa nyeupe kabisa, dalili ya moto mkali mno, na juu yake kulikuwa na vipunje vinavyong'aa, vidogo kuliko chumvi. Nilivikwaruza kwa kucha. Ilikuwa aluminiamu, kama ya sufuria. Pistoni, zinazopanda na kushuka ndani ya silinda, nazo ni za aluminiamu.

Nilimwonyesha mwalimu plagi, akaniuliza nimeona nini.

"Pistoni zimeanza kuyeyuka," nilisema.

"Zinayeyuka!" mama alisema. "Na keshokutwa nilale njiani na watoto, huko maporini Biharamulo?"

"Kosa ni langu, mama. Nimebana kupita kiasi. Na sikuweka alama."

Mwalimu aliniangalia kama anavyowaangalia, nadhani, wanafunzi wake. "Kwa hiyo jibu sahihi hulijui."

"Silijui, mwalimu. Lakini naweza kulitafuta."

Ijumaa asubuhi tulirudi kilimani. Nililegeza meno mawili, tukapanda, tukazima, nikafungua plagi. Kisha mawili mengine. Mama alizipokea plagi kwa kitambaa na kuzisoma kabla yangu.

"Hii bado chaki tupu. Baba, hii unaijua vizuri wewe."

"Mpe fundi, usinitangaze barabarani."

Safari ya tano mlio ulikuwa umekwisha, na plagi ilikuwa na rangi ya ganda la karanga. Lakini gari liliposimama, injini ilinguruma kwa uzito na harufu ya petroli ilisikika. Kwa sikio langu ilikuwa imeharibika. Mkono ulinituma kukaza tena. Nilikaa kwenye bampa nikawaza, na hapo nikaelewa: gari likiwa limesimama, tabo imelala. Siku ile ya kwanza nilisikiliza injini ambayo kazi yake haijaanza. Kilimani hewa inasukumwa kwa nguvu, na petroli ile niliyoiona ya kupotea ndiyo inayoupoza moto.

"Kwa hiyo litakunywa kama zamani?" mwalimu aliuliza.

"Kama zamani, mwalimu. Au zaidi kidogo."

"Yaani nilikuletea ugonjwa mmoja, ukanipa wa pili, sasa unanirudishia ule wangu."

"Linywe, lakini lifike," mama alisema, akanirudishia plagi.

Nilichora alama kwa sindano kwenye jino lile. Wenzangu waliniona, na waliyosema siyaandiki hapa.

Walisafiri Jumamosi alfajiri. Siku zile sikufanya kazi ya maana. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani nilidhani limeleta habari mbaya. Jumatano waliingia uwanjani, gari limejaa vumbi na ndizi, injini ikiwa nzima. Nilisalimia, kisha nikaomba kufungua plagi zote nne.

Tatu zilikuwa na rangi ya ganda la karanga. Ya silinda ya tatu ilikuwa nyeusi zaidi, kavu, kama masizi ya chungu, dalili ya petroli kuzidi. Plagi hiyo niliihamishia silinda nyingine, lakini mwalimu alipoleta gari tena, weusi ulikuwa umebaki kwenye silinda ileile. Petroli ni moja, hewa ni moja, mlango ni mmoja. Kwa nini silinda ya tatu peke yake? Wewe unayesoma, kama umewahi kufungua injini yenye tabo, niandikie unieleze ulichokiona, hata kwa mistari miwili. Nasoma polepole, lakini nitasoma yote.