Harufu ya Sanduku la Ejore

Ejore wa mtaa wetu wa Kanamkemer alilinda stoo ya watu huko Kakuma kwa miaka mingi, akarudi Lodwar na sanduku la bati. Mtu akilinda magunia ya wenzake muda mrefu hivyo, huanza kuyaona yake. Basi Ejore alitembea kama mwenye stoo, mkono mmoja mgongoni, na kila alipopita aliacha harufu kali ya naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo. Nguo zake zote zililala sandukuni pamoja na vidonge hivyo, konzi nzima nzima. Aliamini kwamba hivyo ndivyo wanavyonukia wenye mali.

"Nyinyi mnanuka moshi," alituambia. "Mimi nanukia mji."

Namuar, muuza makaa, hakumwacha. "Mzee, hiyo harufu mimi naijua. Iko kwa choo ya maofisa."

Tulicheka. Yeye alitutazama kwa huruma.

Akoru, mke wa mwanawe, alipojifungua mtoto wa kiume, Ejore alifungua sanduku mbele ya majirani akatoa blanketi nene. Kwa joto hili la Lodwar! Namuar akasema lifuliwe kwanza, lianikwe juani.

"Lifuliwe litoke nini?" Ejore akafoka. "Mjukuu wangu hatanuka mbuzi."

Akamfunga mtoto kama kifurushi. Akoru akampokea mtoto hivyo hivyo, maana kwetu mke hajibizani na baba mkwe.

Hazikupita siku nyingi macho ya mtoto yakageuka manjano. Alikataa kunyonya, akawa anahema, na mkojo wake kwenye kitambaa ulikuwa na rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, iliyochemka mno. Ejore, ambaye hajawahi kutibu hata mafua yake, alitoa hukumu: maziwa ya Akoru ni mabaya, na mtoto afunikwe zaidi atoe jasho. Akafunikwa. Akazidi kulegea.

Ndipo Akoru alipopanda boda boda na mtoto wake kwenda hospitali, bila kumuuliza mtu.

Daktari, mama mmoja aitwaye Nakaale, alilinusa blanketi kabla ya kusema lolote, akalitoa nje. Damu ilipopimwa, akamwita Akoru kando.

"Mama, damu ya mtoto inavunjika. Kuna watoto, hasa wavulana, wanaozaliwa na chembe nyekundu za damu zisizo na kinga ya kutosha. Mvuke wa vile vidonge ukiingia kwa pumzi na kwa ngozi, chembe zinapasuka. Ndiyo maana amekuwa manjano na mkojo umekuwa mweusi. Kuna dawa za kumeza pia zinazofanya hivyo, kwa hiyo usimpe dawa yoyote bila kutuuliza. Tutamwongezea damu. Lakini harufu hiyo isimkaribie tena. Akiipata sasa, tunaweza kumpoteza."

Kesho yake Ejore alifika amevaa koti kutoka sanduku lile lile. Harufu ilitangulia kuingia. "Ejok!" akawaamkia wagonjwa wote kama mgeni rasmi.

Akoru alisimama mlangoni. "Baba, hapo hapo. Usiingie."

"Unaniambia mimi?"

"Wewe. Hiyo harufu ndiyo inaua mtoto. Nenda uoge, vaa shuka ya mume wangu, halafu uje umwone."

"Mimi? Nipite katikati ya mji na shuka, kama mtu ametoka kuchunga mbuzi Kaikor?"

"Ndiyo, baba. Ama ubaki nje."

Akabaki nje. Alijisimamisha langoni, jasho likimtiririka ndani ya koti, akiwaeleza wapita njia kwamba daktari amemwomba asiingie kwa sababu nguvu zake ni nyingi mno kwa wagonjwa.

Mtoto alipata damu, manjano ikaisha, akanyonya. Akoru hakurudi Kanamkemer. Alimpeleka mtoto Lokori kwa mama yake, akatuma salamu kwamba babu anakaribishwa siku yoyote, mradi avae shuka.

Mtoto sasa ana meno mawili. Ejore bado hajaenda.