Nyumba Isiyo na Chai

Mimba yangu ya kwanza ilinifanya nicheke hovyo. Hata kliniki, nesi aliponiambia damu yangu imepungua, nilianza kwa kucheka, halafu nikauona uso wake nikanyamaza. Alisema damu isipopanda kabla ya kliniki inayofuata, hatakubali nijifungulie kituo cha hapa Matogoro, nitapelekwa hospitali kubwa mjini. Mimi nilitaka nijifungulie karibu na nyumbani, mama mkwe akiwa mlangoni. Basi nikaogopa kweli.

Nesi alinipa vidonge vya kuongeza damu, akanielekeza nivimeze pamoja na vitamini C, kwa kuwa ndiyo inayousaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai, alisema, huharibu kazi hiyo. Mama mkwe alikuwa kando yangu, anaitikia kwa kichwa. Tulipofika nyumbani alikusanya majani yote ya chai, akayafungia kabatini, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge.

Huyu ni mwanamke anayekunywa chai kabla ya sala na baada ya sala. Nilimwambia vidonge ni vyangu, yeye anywe tu.

"Nikinywa mimi, harufu itakutia tamaa," alinijibu. "Tufunge wote, mwanangu."

Kuanzia hapo kichwa kilimuuma kwa kukosa chai, akawa anazunguka uani amejifunga kitambaa kwenye paji la uso, akigombana na kuku.

Mume wangu alikuwa ameninunulia vitamini C ya kuyeyusha, vile vidonge vya rangi ya machungwa vinavyochemka kwenye glasi ya maji bila moto. Mama alivipenda kuliko mimi. Kila nilipotumbukiza kimoja aliinama kutazama, mapovu yakamrukia puani, akacheka hadi akashika meza.

Kisha ikafika zamu yetu ya kupokea jumuiya. Kina mama walisali, wakaimba, wakatulia wakisubiri chai, maana kwetu hakuna nyumba inayomaliza sala ya jumuiya kwa midomo mikavu. Lakini chai ilikuwa kifungoni. Mimi nilikuwa nyuma naosha vyombo, na niliporudi sebuleni nilikuta kila mgeni ameshika glasi inayochemka, mwenyekiti wa jumuiya anapiga chafya, na kichupa changu kiko mezani kitupu. Mama alikuwa anawaeleza kwamba hii ni soda ya afya.

Hasira ilinipanda. Nikawaambia dawa hiyo ndiyo niliyoitegemea kuipandisha damu yangu. Mwenyekiti aliitazama glasi yake, kisha taratibu akanisogezea nusu aliyobakiza. Nilitaka niendelee kununa, ila yale masharubu ya mapovu ya rangi ya machungwa juu ya mdomo wake yalinishinda. Nilicheka, wakacheka, na mama, aliyekuwa ameficha uso kwenye kitenge, akacheka mwisho.

Kesho yake mapera yakaanza kuingia, fidia ya vitamini C waliyoninywea. Mapera, machungwa, ndoo ya malimau, na mama mmoja aliyekosa matunda akaleta kuku. Nilimeza vidonge vya damu na mapera, nikakamulia limau kwenye maharage na majani ya maboga hadi meno yakafa ganzi. Wanajumuiya walipita kwa zamu kukagua kama ninakula, na baadhi walikaa kunisaidia kula.

Siku ya kliniki nesi alinipima, akatabasamu. Damu imepanda, nitajifungulia hapa hapa. Mama alinikumbatia na tumbo langu lote, tukazunguka mbele ya foleni nzima. Furaha ilipompungua kidogo, akauliza kwa sauti ya chini kama sasa chai inaruhusiwa.

"Mama, chai sikuikataza," nesi alimjibu. "Nilisema isiende pamoja na vidonge. Mkivimeza, subirini saa moja au mbili, basi."

Mama aliketi kwenye benchi. Mimi nilicheka hadi mtoto akanipiga teke.

Nyumbani alifungua pindo, akafungua kabati, akachemsha sufuria nzima na tangawizi. Akanimiminia, akajimiminia, akanyanyua kikombe chake hadi mdomoni, ndipo akaniuliza vidonge nimemeza saa ngapi. Nikamwambia ni sasa hivi tu.

Akafunika kikombe changu kwa kisahani. Akakitazama chake, kisha nacho akakifunika.