Nimekemea Pepo Nyamityobora

Bamama, leo nimekemea pepo, kumbe nakemea mtoto wangu wa tumbo!

Ni Neema, ule fundi wa kutengeneza michezo ya kompyuta. (Rubondo yote munamujua, munipe pongezi.)

Nimefika kwake Nyamityobora na mfuko wa mihogo. Mlangoni nasikia mzee ananguruma: «Nitawameza wote!»
Halafu mtoto analia.
Na Neema anaishi peke yake!

Nikaacha mihogo, nikaingia mikono juu: «Toka! Kwa jina la Yesu, toka!»

Blanketi ikafunuka. Chini yake Neema na mikro ya kushika sauti.
«Mama, ni kazi! Zimwi ni mimi, na mtoto ni mimi.»

Mashine ilikuwa imeshika sauti yangu. Akaisikiliza mara mbili.
«Mama, uniachie hii niweke kwa mchezo. Nilikosa sauti ya bibi wa kufukuza zimwi.»

Nikachanganyikiwa. Yale yalikuwa maombi ya kweli, si mchezo!
«Basi zimwi litoke, lisirudi tena.»
«Mama, mtu akianza mchezo upya, linarudi.»

Sasa hayo ni maombi gani?

Nimefikiri mingi, nikamwambia: «Weka. Kila likirudi, na mimi nitarudi kulifukuza.»

Nimefanya vizuri ao vibaya? Mujibu. Mchungaji, wewe ungojee kwanza wengine bajibu.